Kadi ya Bwaloni na Mlezi wa Kuifuatilia

Kisiwa cha Xiaoguwei, jijini Guangzhou, kina vyuo vikuu 10 vilivyokusanywa pamoja tangu mwaka 2004. Kama ilivyo desturi ya vyuo vya China, wanafunzi hulala bwenini na kula bwaloni, wakilipa kwa kadi ya chuo au, siku hizi, kwa simu. Kila malipo huacha kumbukumbu ya saa, mahali na kiasi. Ukiziunganisha na maksi na mahudhurio, utaweza kumtambua mwanafunzi anayeyumba miezi kadhaa kabla hajafeli. Wengi wanaosifia uchambuzi wa data huishia hapo, ilhali kumtambua ndiyo sehemu rahisi. Cha kuuliza ni nani atakayebisha hodi chumbani kwake. China ina jibu: kanuni za Wizara ya Elimu zinataka kila chuo kiwe na angalau mlezi mmoja kwa wanafunzi 200, na kazi ya mlezi huyo ni kuwajua na kuwafuatilia.

Mfano ninaouthamini zaidi unatoka Nanjing. Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha huko kilipitia malipo ya bwaloni na kuwatafuta wanafunzi waliokula zaidi ya mara 60 kwa mwezi lakini wakatumia chini ya yuan 420, yaani chini ya yuan 7 kwa mlo. Wanafunzi 301 waliingiziwa fedha kwenye kadi kimyakimya. Hakuna aliyejaza fomu, wala aliyelazimika kuanika umaskini wake mbele ya wenzake. Yeyote aliyewahi kuomba msaada wa ada anajua aibu hiyo inavyowafanya wenye shida halisi wanyamaze.

Wapo watakaosema huku ni kumchungulia mtu hadi kwenye sahani yake, na hofu yao ina msingi. Tangu Novemba 2021 China ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, lakini sheria peke yake haimwambii mwanafunzi nani anasoma kumbukumbu zake. Chuo ndicho kinachopaswa kumweleza. Tena namba hukosea: anayekula kidogo huenda anapunguza uzito, na maskini kuliko wote huenda haonekani bwaloni kabisa. Ndiyo maana namba ianzishe mazungumzo, isitoe hukumu. Hatari ya hukumu hiyo ilionekana Marekani: mwaka 2015, mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount St. Mary's alipanga kutumia dodoso kuwabaini wanafunzi wapya wanaoelekea kushindwa ili washawishiwe kuondoka mapema, takwimu za chuo zisiharibike. Mpango ulipofichuka mwaka 2016 zikazuka lawama kali, naye akajiuzulu. Ujuzi ule ule wa kutabiri ungeweza kuwaokoa vijana hao.

Georgia State, chuo kikuu cha Atlanta, kiliutumia kuokoa. Tangu 2012 kinafuatilia dalili zaidi ya 800 kwa kila mwanafunzi, na wanaohitimu wameongezeka kutoka asilimia 32 mwaka 2003 hadi zaidi ya nusu. Lakini pamoja na mitambo kiliajiri washauri wapya kwa makumi, na kuwalipia madeni madogo wanafunzi waliokaribia kufutiwa usajili. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki tayari vina matokeo na kumbukumbu za ada kwenye kompyuta. Kabla ya kununua programu ya kutabiri, vihesabu kwanza kila mshauri ana wanafunzi wangapi.