Maonyesho ya Sanaa Bila Wenyeji ni ya Nani?

Tuingiapo kwenye maonyesho ya sanaa twaona picha, twasoma jina la msanii, twapita. Ni wachache wanaojiuliza nani alizichagua picha hizo. Nyuma ya kila maonyesho yupo mtu aliyeamua kazi ipi iingie na ipi iachwe, ipi ielekee mlango, na maelezo yaandikwe kwa lugha gani. Huyo ndiye msimamizi wa maonyesho.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta za ndani zilijengwa zidaka safu kwa safu, zikapangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mpangaji alijua mgeni ataingilia wapi na jicho lake litatua wapi. Na hapo ndipo wasimamizi wengi wa leo hukosea: huijua sanaa, lakini hawamjui anayekuja kuitazama.

Tutazame yaliyotokea Venice, Italia, ambako kila miaka miwili nchi mbalimbali huonyesha sanaa ya kisasa. Mwaka 2013 palikuwa na banda la Kenya, lakini wasanii wengi ndani yake walikuwa Wachina. Mwaka 2015 ikatangazwa orodha ya namna hiyo hiyo. Wasanii wa Kenya wakapiga kelele, mchoraji Michael Soi akachora picha za kuikejeli aibu hiyo, na serikali ikajitenga na banda. Mwaka 2017 msimamizi akawa Mkenya, Jimmy Ogonga, na miongoni mwa wasanii wakawamo Peterson Kamwathi na Paul Onditi. Hilo lilikuwa sawa. Jina la nchi halifai kuandikwa mlangoni kama wenyewe hawamo ndani.

Hapa Pwani tatizo hilo laja kwa upande wa watazamaji. Maonyesho hufanywa kuhusu bahari yetu, majahazi yetu na milango yetu, lakini wanaoyatazama ni wageni. Mzee wa mtaani aliyechonga milango hiyo hana habari. Maelezo ni ya Kiingereza kitupu, mwaliko umepita kwa barua pepe, na ufunguzi umewekwa Ijumaa saa saba mchana, watu wakiwa msikitini. Kisha twaambiwa Waswahili hawapendi sanaa!

Mwenye kusema hivyo aende Lamu wakati wa Maulidi aone umati unaotazama mbio za punda na mashindano ya majahazi. Hawabembelezwi, kwa kuwa jambo ni lao.

Basi msimamizi afanye nini? Kwanza, aandike maelezo mafupi kwa Kiswahili cha watu, si tafsiri ngumu. Pili, msanii awepo siku fulani ili aulizwe maswali. Tatu, atenge saa za kina mama, awaalike wanafunzi wa skuli na madrasa, na baadhi ya kazi azipeleke barazani badala ya kungoja watu waje jumbani.

Lipo pia suala la dini. Wapo kati yetu wasioridhia picha za viumbe wenye roho. Wasidharauliwe, na msanii naye asinyamazishwe. Tangazo la wazi mlangoni latosha, kila mtu aingie akijua. Na khati, nakshi na kanga zipewe ukuta wao kama sanaa hai, zisifanywe mapambo ya kando.

Vijana wetu wanachora. Wasipoona kazi zikitazamwa na mama zao na majirani zao, watachora kinachonunuliwa na mtalii tu, na picha ya Pwani itabaki ile aipendayo mpita njia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye maonyesho mengi mgeni ameshafika, na mwenyeji bado angoja kualikwa.