Fahamu: Yung Vilne, kundi la washairi wa Kiyahudi
Yung Vilne lilikuwa kundi la waandishi vijana wa Kiyahudi lililojitokeza mwaka 1929 mjini Vilnius, uliokuwa chini ya Poland, ambalo washairi wake walisomeana tungo zao za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki yenye asili ya Kijerumani na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Avrom Sutzkever, mshairi wake mashuhuri kuliko wote, mwanzoni alikataliwa. Wanazi walipowafungia Wayahudi katika geto, yaani mtaa uliozingirwa, mwaka 1941, yeye na mwenzake Shmerke Kaczerginski walilazimishwa kuchambua vitabu vilivyoporwa. Kwa ujasiri wa kustaajabisha, waliificha miswada ndani ya nguo zao, wakaipitisha mbele ya walinzi na kuifukia.