Ufunguo wa Motokaa Ukikataa Baada ya Kutiwa Betri Mpya

Siku hizi motokaa nyingi za hapa Uganda hufunguliwa kwa ufunguo wenye vitufe. Mwenyewe husimama kando, hubonyeza kitufe, taa humweka na milango hufunguka. Ndani ya ufunguo huo mna betri ndogo, bapa kama sarafu, nayo ina mwisho wake kama betri zote. Ikiisha, mtu hununua nyingine, huitia, hubonyeza, kimya! Hapo wengi husema, "Ufunguo umekufa," nao huenda kuagiza mwingine, ambao bei yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya betri. Nimeona fedha za karo zikitumika hivyo kwa sababu ya tatizo ambalo kitambaa kikavu kingeliondoa. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi, na wanafunzi wa zamani walio na motokaa zao, jinsi ya kuitafuta sababu kwa utaratibu.

Jambo la kwanza kujua ni hili: ufunguo wa namna hii si kitu kimoja, ni vitu vitatu vilivyotiwa katika ganda moja.

Cha kwanza ni ule ulimi wa chuma, ambao hufungua kitasa kama funguo za siku zote. Hauhitaji umeme wo wote. Katika funguo zile za motokaa zinazowashwa kwa kubonyeza kitufe, ulimi huu umefichwa ndani ya ganda, nao hutolewa kwa kusukuma kibanzi kidogo kilicho ubavuni.

Cha pili ni chipu ndogo sana inayoijulisha motokaa kwamba ufunguo huu ni wake. Bila chipu hiyo injini hukataa kuwaka, au huwaka kidogo kisha ikazima. Ajabu ni kwamba chipu hii haitumii betri. Karibu na mahali pa kuwashia pana koili ya waya. Umeme unapobadilika-badilika katika koili hiyo, huzaa umeme mwingine katika koili ndogo iliyo ndani ya ufunguo. Mwanafunzi wa fizikia ataitambua kanuni hii mara moja, kwani ndiyo ile aliyoivumbua Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo mdogo waitosha chipu kutaja namba yake.

Cha tatu ni kile kiredio kinachopeleka habari vitufe vinapobonyezwa. Hiki ndicho kinachokula betri.

Basi, kabla ya kulaumu betri au fundi, uliza: katika vitu hivi vitatu, ni kipi kilichokataa? Fungua mlango kwa ulimi wa chuma. Usishtuke honi ikilia; katika motokaa nyingi hunyamaza injini inapowaka. Kisha jaribu kuwasha. Kama motokaa yako huwashwa kwa kitufe, katika aina nyingi hukanyaga breki, hugusisha ufunguo kwenye kitufe hicho, kisha hukibonyeza. Injini ikiwaka, chipu ni nzima, na taabu iko katika kiredio au betri yake. Lakini vitufe vikifanya kazi na injini ikakataa, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Namfahamu mwalimu mmoja ambaye ganda la ufunguo wake lilikuwa limepasuka. Siku ya kutia betri mpya akanunua na ganda jipya, akahamisha kile kibao cha umeme na ulimi wa chuma. Milango ikafunguka vizuri, injini ikakataa. Gereji moja ikamwambia kwamba kompyuta ya motokaa imeharibika, sharti inunuliwe nyingine. Aliponieleza nilimwuliza, "Ganda la zamani liko wapi, Mwalimu?" Lilikuwa katika pipa la takataka nyuma ya jiko. Tulipolipasua tuliikuta chipu imebaki katika kijishimo chake, ndogo kuliko punje ya mahindi. Katika funguo nyingine chipu huwa imeshikamana na kibao cha umeme, lakini katika nyingi huwa peke yake, na hata huweza kudondoka ganda linapofunguliwa. Kwa hiyo fungua ganda juu ya kitambaa cheupe, wala usitupe kitu mpaka injini iwake.

Sasa tuseme injini imewaka lakini vitufe havijibu. Itazame betri. Namba iliyoandikwa juu yake ina maana. Katika CR2032, tarakimu 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana ule ule na volti 3 zile zile, lakini unene wake ni milimita 2.5 tu. Mwenye duka aweza kukuambia kwamba ni mamoja, lakini betri nyembamba huenda isifikie ndimi za chuma zinazopokea umeme, au hugusa leo na kesho isiguse. Soma namba ya betri ya zamani, ununue hiyo hiyo.

Pili, tazama alama ya kujumlisha. Betri ikipinduliwa, kiredio hakitafanya kazi. Upande unaotakiwa kwa kawaida umechorwa ndani ya ganda. Mtu mwangalifu hupiga picha kwa simu kabla ya kutoa betri ya zamani.

Tatu, tazama uso wa betri. Nyingine huuzwa zikiwa na kikaratasi cha nailoni, nacho sharti kibanduliwe. Nyingine hupakwa dawa chungu ili mtoto akiitia kinywani aiteme; dawa hiyo ni njema, lakini katika vifaa vingine huzuia umeme. Mafuta ya vidole pia hayafai. Shika betri kwa ukingo wake, uifute kwa kitambaa kikavu.

Nne, ipime kwa mita ya umeme, na maabara ya shule yaweza kukusaidia. Betri mpya ya namna hii huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya hapo, huenda imekaa dukani miaka mingi. Itakuwa mpya kwa jina tu.

Betri ikiwa njema, geukia ndimi zile za chuma. Zikiwa zimelala, ziinue kidogo sana kwa ncha ya bisibisi ndogo. Zikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, zisugue taratibu kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, uziache zikauke.

Kama yote hayo ni sawa, jaribu ufunguo wa pili wa motokaa hiyo ikiwa unao. Nao ukikataa, ufunguo wa kwanza huenda hauna hatia. Kosa laweza kuwa katika motokaa yenyewe, yaani betri kubwa iliyochoka, fyuzi iliyoungua, au hata mlango mmoja usiofungwa sawasawa. Ufunguo wa pili ukifanya kazi, umejua kwamba taabu iko katika ule wa kwanza.

Iko sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Ufunguo hautumi neno lile lile kila siku, kwa kuwa mwizi angeweza kulinasa na kulirudia. Kila unapobonyeza, hesabu ya ufunguo husonga mbele, na motokaa hufuata hesabu hiyo. Mojawapo ya mitindo mashuhuri ya kazi hii ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Frederick Bruwer wa kampuni ya Nanoteq alitengeneza utaratibu wake, na Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria akatunga hesabu za siri. Mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10. Katika mtindo huo, ufunguo ukitangulia kwa hatua zisizozidi 16, motokaa huupokea bila neno. Ukitangulia zaidi, labda kwa kuwa mtoto ameuchezea nyumbani, motokaa hutaka ubonyezwe mara mbili mfululizo ndipo ikubali. Basi sogea karibu na motokaa, ubonyeze mara mbili au tatu kwa utulivu. Motokaa nyingine zina utaratibu wao wa kupatanisha ufunguo, ulioandikwa katika kitabu chake. Motokaa zetu nyingi zimetumika kwanza Japani, zikaja kwa njia ya Mombasa, na kitabu kilichomo ni cha Kijapani. Tafuta tafsiri ya aina hiyo hiyo na mwaka huo huo.

Mwisho, ikiwa kweli huna budi kununua ufunguo mwingine, usitazame sura tu. Funguo za Japani kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahezi 312 hadi 315, na nyingi za Ulaya 433.92. Zaweza kufanana kama mapacha, na motokaa isisikie hata moja.

Sina budi kuongeza onyo moja. Betri ile ya zamani, isiyoweza tena kufungua mlango, bado ina nguvu ya kumdhuru mtoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake hugeuza mate kuwa kama magadi makali, nayo huweza kuchoma koo vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Dalili zaweza kuwa kikohozi, udenda au kukataa chakula, na mara nyingine hakuna dalili. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, usimtapishe wala usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja, useme wazi kwamba ni betri. Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani. Kwa hiyo mara utoapo betri ya zamani, izungushie utepe wa gundi pande zote mbili, uiweke mahali pa juu mpaka uitupe. Fanya hivyo kwanza, kabla hujabonyeza kitufe kuona kama milango itafunguka.