Filamu Iliyozomewa kwa Kumpa Marehemu Sauti

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tunaifunza kila mwaka, tunawataka wanafunzi waitungie kisa, kisha tunaisahau pindi kengele ya mwisho inapolia. Mimi niliikumbuka Januari 2025, alipofariki David Lynch, mwelekezi wa filamu wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 78. Siku chache baadaye ulizuka mjadala kati yangu na mwalimu mwenzangu wa Fasihi kuhusu kazi moja ya marehemu, na hadi leo hatujapatana.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakubahatika kuiona, nianze mwanzo. Mnamo Aprili 1990 shirika la utangazaji la ABC lilianza kuonyesha mchezo wa televisheni uitwao Twin Peaks, uliobuniwa na Lynch pamoja na Mark Frost. Katika mji mdogo wenye misitu ya misonobari, maiti ya msichana inaokotwa ukingoni mwa maji, imeviringishwa katika plastiki. Marehemu ni Laura Palmer, mwanafunzi wa shule ya upili, mrembo na kipenzi cha mji mzima. Swali likawa moja: ni nani aliyemuua? Mpelelezi Dale Cooper, mpenda kahawa na pai za cheri, alilifuatilia swali hilo wiki baada ya wiki, huku watazamaji wakiburudishwa na vituko vya wenyeji. Jibu lilipotolewa Novemba 1990 liliwatonesha wengi: muuaji alikuwa baba mzazi, Leland, aliyepagawa na pepo aitwaye BOB. Watazamaji walizidi kupungua, na Juni 1991 mchezo ukakoma.

Hapo ndipo Lynch alipofanya jambo ambalo halikutarajiwa. Badala ya kusonga mbele, alirudi nyuma. Filamu yake, Twin Peaks: Fire Walk with Me, inasimulia siku saba za mwisho za uhai wa Laura. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 1992, mahali pale pale ambapo miaka miwili kabla Lynch alikuwa ametunukiwa tuzo kuu kwa filamu ya Wild at Heart. Safari hii, kwa mujibu wa habari zilizoenea, alizomewa, ingawa wapo waliokuwamo wanaokana hilo. Lisilokanwa ni kwamba wahakiki wengi waliishambulia, na ilipofika katika kumbi za Marekani mwezi wa Agosti iliambulia dola milioni 4 na ushei tu.

Waama, waliolalama hawakukosa hoja. Takriban nusu saa ya kwanza inapita katika mji mwingine, kwa wapelelezi wengine, juu ya mauaji ya msichana mwingine. Cooper anaonekana kidogo mno. Wahusika kadhaa waliopendwa hawamo, na rafiki mkuu wa Laura anaigizwa na mwigizaji mpya. Wanaume wanatokea na kutoweka pasipo maelezo, chumba chenye mapazia mekundu kinajitokeza ndotoni, na asiyeutazama mchezo wa awali anaachwa gizani. Isitoshe, ule ucheshi uliowapendeza watu umefyekwa. Filamu inapoanza, tunaona kiwambo cha televisheni kikiwa kimejaa chenga, kisha shoka linakivunja. Lynch hakuwaficha wateja wake kuwa yale waliyoyafuata hawatayapata.

Hata hivyo, wapo waliosimama upande wa pili tangu mapema, na miaka ilivyopita idadi yao imeongezeka. Mhakiki Mwingereza Mark Kermode ni mmoja wa watetezi wake wanaojulikana sana. Lynch aliporejea na Twin Peaks ya vipindi 18 mwaka 2017, ilibainika kuwa filamu iliyodharauliwa ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Naye Sheryl Lee, aliyemwigiza Laura, amesimulia jinsi wanawake waliodhulumiwa na jamaa zao utotoni walivyomwendea kumshukuru. Kwao haikuwa ndoto ya msanii aliyepotoka. Ilikuwa habari ya nyumbani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. Yeye anashikilia kuwa pepo ni kisingizio. Baba anapomnajisi bintiye, anasema, mwite baba. Ukimwita BOB umempa mlango wa kutorokea. Hoja hii ni nzito na nimeifikiria sana. Lakini nimeitazama filamu tena, na naona kwamba pepo yule ni wa Laura kabla ya kuwa wa babake. Mtoto hawezi kula mezani na mtu anayemwingilia usiku, kwa hiyo akili yake inambuni mgeni anayepitia dirishani. Tukio la kutisha kuliko yote ni lile la usiku ambapo Laura anautazama uso wa mgeni huyo na kutambua ni wa nani. Kabla ya hapo kuna chakula cha jioni ambapo Leland anamshika binti mkono na kumkemea kwa uchafu wa kidole, huku mama akimsihi amwache. Hamna pepo mezani pale. Kuna baba, mama, mtoto na sahani. Mtazamaji anaomba kipindi kile kiishe upesi.

Nina sababu ya kushikilia maoni haya, na si sababu ya kujivunia. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili katika shule moja ambayo sitaitaja. Msichana mmoja, mtulivu na hodari wa lugha, aliandika juu ya jini anayeingia chumbani usiku, mwenye harufu ya sigara, na anayejua jina lake la utotoni. Nilisahihisha upatanisho wa kisarufi. Nilimpa alama 14 kwa 20. Chini nikaandika kwa wino mwekundu: "Jaribu kuandika mambo ya kweli." Muhula ulipokwisha alihama, na sikumwona tena. Sidai kuwa najua kilichomsibu. Huenda ilikuwa hadithi tu. Ninachojua ni kwamba sikuuliza.

Tunapenda kuwafundisha wanafunzi kuwa uhalisia ni kusema mambo yalivyo, na mazingaombwe ni kuyakimbia. Fasihi yetu yenyewe inatukanusha. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ya binti na ukali wa baba mlevi, kwa mtindo ambao kila msomaji aliufahamu. Na bado kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Alipoandika Nagona na Mzingile, zilizotoka 1990 na 1991, wengi waliomshangilia awali walinung'unika kwamba haeleweki. Kumbe msanii hulaumiwa akisema waziwazi, na hulaumiwa akisema kwa mafumbo. Aghalabu kinachotukera ni kile kinachosemwa, na mtindo huwa kisingizio chetu sisi.

Nadhani ndiyo siri ya hasira za mwaka 1992. Mchezo wa televisheni ulitupa maiti nzuri na fumbo la kufumbua, nasi tukastarehe. Filamu ilimfufua Laura, ikampa sauti, na ikatulazimisha kukaa naye. Maiti haimsumbui mtu. Msichana aliye hai anayelia darasani humsumbua kila mtu. Mji mzima wa Twin Peaks ulimpenda Laura. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Siwashauri walimu kuionyesha filamu hii darasani. Ni ya watu wazima, na ina matendo yasiyofaa macho ya watoto. Ninachoshauri ni kidogo zaidi, na kigumu zaidi. Nchini Kenya tunayo Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na ipo nambari 116 ambayo mtoto anaweza kupiga bila malipo. Lakini sheria haisomi insha. Anayezisoma ni mimi na wewe, usiku, kando ya kikombe cha chai kilichopoa. Siku utakapokutana na jini katika daftari la mwanafunzi, weka kalamu nyekundu chini kwanza. Kesho yake mwite kando, kwa upole, umuulize anaitwa nani.