Msiilaumu Nuru Iliyopinda

Kila nikizungumzia lenzi za mvutano, hakosekani mtu wa kuniuliza: "Kama galaksi hupinda nuru njiani, si ina maana umbali wote mnaotutajia umerefuka?" Hapana. Video zinazoeneza dai hilo, kisha zikatangaza kwamba umri wa ulimwengu ni wa kubuni, huruka hesabu. Tuipige basi.

Lenzi ya kwanza iligunduliwa mwaka 1979: kwazari (kiini king'aavu cha galaksi ya mbali) Q0957+561, ambayo galaksi iliyo mbele yake hutufanya tuione mara mbili. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 8. Taswira moja hutangulia, ya pili huchelewa siku 417. Ni hizo tu. Mabasi mawili yangetoka Dar kwenda Mwanza kwa njia tofauti na kupishana kwa kiwango hicho, tofauti ya safari zao isingefika hata milimita moja. Isitoshe, kupinda hakubadilishi kiasi ambacho mwanga umesogea kuelekea wekundu, nacho ndicho tunachokitumia kukadiria umbali wa kwazari. Siku 417 haziwezi kuuangusha umri wa ulimwengu, hata zirudiwe kwenye video ngapi.

Tena ucheleweshaji huo ni mali. Mwaka 1964 Sjur Refsdal alionyesha kwamba ukiupima, unapata kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Sharti ni moja, na hapo ndipo pa kuuliza maswali: ujue uzito umekaaje ndani ya galaksi. Je, umerundikana katikati, au umesambaa katika maada ya giza inayoizunguka? Mwaka 1985 Falco, Gorenstein na Shapiro walionyesha kwamba ukipunguza uzito wa galaksi na kutandaza mahali pake tabaka la uzito ulio sawa kote, taswira hazisogei hata kidogo, ila muda wa kuchelewa hubadilika. Picha peke yake, iwe kali namna gani, haiwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Hili si la nadharia tu. Mwaka 2020 kundi la watafiti la H0LiCOW, kwa kwazari 6, lilitoa kasi ya kutanuka ya kilomita 73.3 kwa sekunde kwa kila megaparseki, kosa likiwa karibu asilimia 2. Mwaka huohuo, kwa kwazari hizohizo na ya saba, dhana kuhusu umbo la galaksi ikalegezwa: kosa likapanda hadi karibu asilimia 8. Zilipoingizwa galaksi nyingine 33 ili kukadiria umbo hilo, jibu likashuka hadi 67.4. Nuru haikuguswa, kilichobadilika ni tulichokubali kudhani kuhusu galaksi.

Tiba zipo. Pima kasi ya nyota ndani ya galaksi, ikuonyeshe uzito wa katikati. Hesabu galaksi jirani zilizo kwenye mstari wa macho, maana nazo huvuta. Ukibahatika kupata supanova (mlipuko wa nyota) ya aina ya Ia nyuma ya lenzi, linganisha mng'ao wake na ule tunaoujua. Tabaka lililojificha litajitokeza. Kwa lenzi mpya, tegemea darubini ya Rubin huko Chile.