Tairi Chakavu: Matumizi Mapya Yasilete Madhara Mapya

Tairi lililochakaa haliozi. Likiachwa uani hukusanya maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu wa jamii ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue, ugonjwa uliolikumba Jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Hata hivyo, si kila njia ya kulitumia tena ni salama kwa mazingira.

Njia yenye madhara madogo ni kulibandika mpira mpya sehemu ya juu iliyolika, kwani kiwiliwili cha tairi huendelea kutumika. Mafundi wa katambuga nao hulikata bila kulichoma. Tairi la bembea au la kupandia maua halina budi kutobolewa ili maji yasituame.

Katika viwanda vya saruji, tairi huweza kuwa nishati kwa kuwa joto la tanuri huzidi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Lakini hewa ukaa hutoka, na moshi sharti udhibitiwe. Kulichoma mahali pa wazi ili kupata waya ndiko kubaya zaidi, kwani moshi huo hubeba masizi na kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

Wananchi wanashauriwa kutochoma tairi mitaani na kuyahifadhi yaliyochakaa mahali pasipofikiwa na mvua.