Saa ya Ukutani na Mtihani wa Kiingereza



Sisi wa tawi la mashamba ya miwa upande wa Jinja, Uganda, tunawaletea habari ambayo wengine mtasema haihusu chama cha wafanyakazi. Si habari ya mshahara wala ya buti za mpira, ingawa hayo pia tunayo mengi ya kusema siku nyingine. Ni habari ya mtihani wa Kiingereza.

Mwanachama wetu mmoja amekata miwa kwa miaka 19. Kwa jasho hilo alimsomesha binti yake uuguzi, na binti akapata kazi katika hospitali moja ya huku. Huyu binti alianza kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mitihani yake yote ya uuguzi ilikuwa ya Kiingereza, na wodini anaandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Alipoomba kuandikishwa kuwa muuguzi Uingereza, jibu likawa: kwanza thibitisha kwamba unajua Kiingereza. Tuliposikia tulicheka. Baadaye tuliacha kucheka.

Mtihani wenyewe unaitwa IELTS. Unaanzia alama 0 hadi 9, nao una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kusema, na 6.5 katika kuandika. Cheti kinadumu miaka miwili tu, kisha hakifai kitu. Ada yake ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mkata miwa. Baba alikuja kukopa katika mfuko wetu wa kusaidiana, tukampa.

Binti alienda Kampala akafanya mtihani. Kusikiliza alipata 7.5, kusoma 7, kusema 7. Kuandika alipata 6. Nusu alama ilimrudisha nyumbani, na fedha za mfuko zikawa zimekwenda.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Ndugu mmoja wa kiwandani, upande wa mashine za kusaga, alisimama akauliza: fedha ya mfuko ni ya msiba na ya mtu aliyekatwa na panga, tangu lini ni ya kumpeleka mtu Ulaya? Mwingine akauliza swali gumu zaidi. Alisema wodi ile aliyolazwa mkewe ina muuguzi mmoja usiku, na sisi tunachanga ili huyo mmoja aondoke. Hatukuwa na jibu zuri, na mpaka leo hatuna. Tulilosema ni kwamba wauguzi hawaondoki kwa sababu ya mtihani. Wanaondoka kwa sababu ya mshahara, na anayefanya kazi ana haki ya kuuza nguvu zake kwa mtu anayelipa, sawasawa na sisi wengine tulioacha mashamba ya kwetu West Nile na Kongo tukaja kukata miwa Busoga. Kura zikapigwa. Mkopo wa pili ulipita kwa tofauti ya kura tatu, kwa sharti kwamba mara hii binti asijifunze peke yake.

Hapo ndipo ofisi ya tawi ilipogeuka darasa, Jumanne na Alhamisi jioni. Sisi wa kamati ni watu wa darasa la saba. Kiingereza chetu ni cha kusoma notisi ya mwajiri na kubishana nayo. Tungemfundisha nini muuguzi? Lakini tulikuwa na saa ya ukutani, na tuligundua kwamba nusu ya mtihani ule ni saa.

Sehemu ya kuandika ni dakika 60 na ina kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza mchoro au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Tulimwambia aandike kama siku ile ya Kampala, sisi tukatazama saa. Mchoro ulimla dakika 36. Aliuandika vizuri sana, kila namba mahali pake, kama faili la mgonjwa. Insha ikabaki na dakika 24, akaimaliza kwa mbio na swali lenyewe hakulijibu lote. Kumbe kosa halikuwa Kiingereza. Kuanzia siku hiyo karani wa tawi alikaa na filimbi ya mpira wa miguu. Dakika ya 20 anapiga, na binti anaacha mchoro hata kama sentensi haijaisha. Wiki ya kwanza alikasirika. Wiki ya tatu alikuwa anamaliza kabla ya filimbi.

Katika kusikiliza, kanda inapigwa mara moja tu, haina kurudia. Maswali ni 40. Tulitumia simu ya katibu na spika ya mikutano. Kosa lake hapa lilikuwa jingine. Swali linasema andika neno moja tu, yeye anaandika mawili, na yote mawili ni ya kweli. Anapata sifuri. Baba yake ndiye aliyemweleza vizuri kuliko sisi: mnyapara akikupimia mstari, miwa uliyokata nje ya alama haihesabiwi, hata kama umekata vizuri. Neno lililokosewa herufi nalo halihesabiwi. Asiyejua jibu abahatishe, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama.

Kusoma kuna maswali yaliyotufurahisha wengi. Unapewa habari ndefu, kisha sentensi, nawe useme ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Muuguzi anajua mambo mengi ya afya, basi akisoma sentensi ya afya anajibu kwa elimu yake. Hilo ni kosa. Jibu litoke katika karatasi tu. Sisi tuliokwenda mbele ya ofisa wa kazi mara nyingi tunalijua jambo hili: ukweli usio katika faili ni kama haupo.

Kusema ni dakika 11 hadi 14 ana kwa ana na mtahini, na katikati unapewa kadi, dakika moja ya kufikiri, kisha unasema peke yako mpaka dakika mbili. Wakata miwa walikaa mbele yake benchi zima wakimkodolea macho. Walio wengi hawakuelewa alichosema, lakini kila alipokwama walijua. Aliyezoea macho yale hatamwogopa mtahini mmoja.

Tusidhani tatizo hili ni la Jinja. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi. Mwaka huohuo Waziri wa Afya wa Kenya wakati ule, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Watu walishangaa, wengine wakawacheka wauguzi. Sisi tulitamani kujua ni wangapi kati yao walifanya mazoezi kwa saa.

Neno juu ya mawakala. Alikuja kijana mwenye koti, akasema anauza karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, na kazi ya kutunza wazee Uingereza juu yake. Tulimfukuza. Anayekamatwa na udanganyifu matokeo yake yanafutwa. Na kazi ile ya kutunza wazee, Uingereza iliacha kuwapa viza wafanyakazi wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Tena Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza wenyewe mawakala hawaruhusiwi kuja kusaka wauguzi huku. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayekuja kugonga mlango, mwulizeni kwanza ana ruhusa ya nani.

Binti alirudi Kampala. Matokeo yalipokuja, kuandika alipata 6.5. Kusikiliza 7.5, kusema 7. Lakini kusoma kulishuka mpaka 6.5, akalia palepale ofisini, na baba yake akatoka nje. Katibu ndiye aliyechukua kanuni za baraza akazisoma pole pole na kamusi mkononi. Tangu 2023 baraza linakubali kuunganisha mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu alama. Kusoma 7 ya mara ya kwanza na kuandika 6.5 ya mara ya pili zikakaa pamoja. Amefaulu.

Bado yupo wodini usiku, anangoja mitihani ya uuguzi yenyewe, na mkopo anaulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Wauguzi wengine wawili wameomba kuingia darasani. Yule ndugu wa mashine za kusaga ameomba ajenda ya mkutano ujao iwe na swali la mshahara wa wauguzi wa hospitali ile, na kamati imeikubali.